Chai Mbili na Kidole Kimoja

Jumatatu, 18 Novemba

Daftari hili sikulitaka. Nimepewa leo asubuhi na Nesi Witness wa kliniki ya sukari. Amechora safu tatu kwa rula: tarehe, ulichokula, ulichokunywa. Amesema nizijaze kila siku mpaka mvua zitakapokwisha. Nikamwambia mimi nimeandika daftari la stesheni ya Itigi miaka ishirini na sita. Treni ikiingia naandika, ikitoka naandika, ikichelewa naandika na sababu. Akasema, "Vizuri, mzee. Safari hii treni ni wewe."

Kibinti chenyewe hakijafika hata miaka thelathini.

Sukari yangu imesoma kumi na sita nukta nne. Kidonda kiko kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia. Nilitembea kutwa nzima na msumari ndani ya kiatu bila kuusikia, mpaka Luciana, mke wangu, alipoona soksi imelowa damu. Nesi anasema sukari isiposhuka kidonda hakitafunga, na kisipofunga... Hapo akainama kuandika.

Mwanangu wa pekee, Emiliana, anafunga ndoa tarehe 26 Aprili. Nimekwisha kumwahidi kwamba nitamshika mkono kutoka mlango wa kanisa mpaka altareni, kwa miguu yangu miwili. Nataka hilo kuliko ninavyotaka pensheni. Basi nitaandika. Safu za nesi nitazijaza mbele, na yangu mwenyewe nitayaandika kuanzia nyuma ya daftari, huku asikofika.

19 Novemba

Chai ya asubuhi bila sukari. Hiyo si chai, ni maji ya moto yaliyotiwa rangi. Sikumaliza.

21 Novemba

Nimekwenda stesheni kutazama treni ya mizigo, nikarudi, nikaenda tena. Luciana ananiuliza natafuta nini huko. Natafuta vijiko vitano vya sukari, mama, lakini sikumwambia hivyo.

23 Novemba

Kambi ya barabara haiko mbali na kwetu. Yuko mpimaji mmoja Mchina anaitwa Shen, huja kwa Luciana kununua mayai ya kienyeji. Ana chupa ya kioo ambayo haiachi mkononi, na ndani yake kuna majani ya kijani yanayoelea. Leo nikamwuliza kama ni dawa.

"Chai," akasema.

"Sukari unaweka vijiko vingapi?"

Akacheka. "Hakuna sukari, mzee. Chai hii ukiweka sukari, umeiua."

Jioni akarudi na pakiti nzima, akakataa malipo. Nimelala nikiwaza: mtu mzima amekunywa chai bila sukari tangu azaliwe na bado ana nguvu ya kucheka. Labda njia ipo.

24 Novemba

Luciana amepika chai ya Shen. Ameipika kama anavyopika chai siku zote: maji na maziwa kwenye sufuria, tangawizi ya kutwanga, majani viganja viwili, akaacha ichemke mpaka ipande mara tatu. Ilitoka na rangi ya maji yaliyofuliwa kaptula za shule. Nilipiga funda moja nikakumbuka mwarobaini wa bibi yangu. Luciana naye akaonja, akatema uani. Kuku wakaja mbio, wakatazama, wakaondoka.

26 Novemba

Nilipomsimulia Shen tulivyoipika, alicheka mpaka akakaa chini kwenye gogo. Kisha akaingia jikoni mwenyewe. Akamwomba Luciana glasi, siyo kikombe, maana anasema chai hii hunywewa na macho pia. Akatia majani kiasi cha kushika kwa vidole vitatu, akamimina maji yaliyokwisha kuchemka na kupumzika kidogo. Majani yalipanda juu yote, kisha moja moja yakaanza kushuka, mengine yakasimama wima chini ya glasi.

Anasema kwao majani yakishachumwa hukaangwa kwenye karai kubwa la moto, mtu anayageuza kwa kiganja kitupu. Nikayasikia hayo mdomoni. Ni harufu ya karanga zilizotolewa jikoni kabla hazijaiva vizuri. Majani yaleyale aliyaongezea maji mara tatu, na kila mara yalikuwa na neno la kusema. Sisi majani yakichemka mara moja yanakwenda shimoni.

Inanyweka. Lakini nikimaliza glasi, ulimi bado unangoja kitu.

28 Novemba

Mvua ya kwanza ya kifuku. Imenyesha tangu alfajiri, na shemeji Philipo ameingia amelowa chapachapa kutoka Rungwa, dumu la asali kichwani. Huyu ni mdogo wake Luciana, mrina asali tangu ujana wake, na hakuna mtu ninayempenda kama yeye upande huo wa ukweni.

Nikamweleza habari ya sukari yangu. Akatikisa kichwa. "Shemeji, hiyo sukari ya dukani ndiyo inayowamaliza watu. Achana nayo kabisa. Asali ni dawa. Babu yetu alikula asali mpaka akafa na meno yake yote."

Alilosema ni kweli, na hapa Itigi hata mtoto analijua. Ukikohoa ni asali, ukiungua ni asali, ukiumwa tumbo ni asali. Tukatia vijiko vitatu kwenye chai ya Shen. Ee Mungu wangu! Ile harufu ya kukaangwa na ile asali ya msituni vilishikana kama mabehewa. Nilikunywa glasi nne na kwa mara ya kwanza wiki hii sikwenda stesheni.

Kwenye safu ya nesi nimeandika: chai ya kijani, glasi nne, bila sukari. Asali sikuiandika. Ni dawa, na safu ya dawa hakuchora.

29 Novemba

Chai ya kijani, glasi tano. Mvua.

3 Desemba

Vilevile. Majirani wanapanda mtama. Mimi nimekatazwa matope. Nazunguka nyumba kama mbuzi aliyefungwa kamba.

12 Desemba

Kliniki. Kumi na tano nukta tisa. Kidonda kiko palepale, hakikui wala hakifungi.

"Mzee Leonidas, sukari unatumia?"

"Hata chembe."

"Soda? Juisi?"

"Sinywi."

"Kwenye hiyo chai ya kijani unaweka nini?"

"Majani na maji."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Nilipotoka nje nikajiuliza kwa nini sikutaja asali, nikajijibu kwamba hata vidonge alivyonipa mwenyewe sikuvitaja.

26 Desemba

Emiliana amekuja kula sikukuu na mgeni. Anafundisha sekondari huko Unyambwa, na shuleni kwao yuko Mjapani wa kujitolea, Mwalimu Naoko, anafundisha hisabati. Ni msichana mwembamba, Kiswahili chake anakipanga neno kwa neno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, na hajakosea jiwe hata moja. Alitupa shikamoo mimi na Luciana kwa mikono miwili.

Alikuwa ameambiwa habari ya chai yangu, akaniletea ya kwao. Majani yake ni membamba kama sindano, kijani cha kuiva. Nikataka kumimina maji palepale. Akaninyooshea kiganja.

"Samahani, baba. Tusubiri maji yapoe."

Akayamimina kwenye kikombe cha kwanza, akayahamishia cha pili, akayarudisha. Mimi mguu ulikuwa unapiga sakafu chini ya meza. Nimeendesha stesheni, najua kusubiri, lakini kusubiri treni iliyochelewa kuna sababu. Huyu alikuwa anaichelewesha treni kwa makusudi! Maji yalipofika mahali anapoweza kushika kikombe bila kuungua, ndipo akayatia kwenye birika, akahesabu kimya kimya kwa dakika moja, akamimina.

Chai ilitoka ya kijani kweli, na ukungu ndani yake. Nikanywa. Hakukuwa na karanga hapo. Palikuwa na shamba, lenye majani na umande juu.

"Wachina wanakaanga," akasema Naoko. "Sisi tunapika kwa mvuke kwanza, halafu tunakausha. Ndiyo sababu kijani hakiondoki."

Luciana akapiga paja. "Kumbe! Ni kama sisi na mboga. Mlenda tunauanika hivihivi mbichi, kunde lazima uzipitishe motoni kwanza. Mboga zote mbili kavu, na ukizipika hazifanani hata kidogo."

Wakaelewana wale wawili kama watu waliozaliwa mtaa mmoja. Nikaona nafasi, nikatia asali vijiko vitatu. Heri nisingefanya. Ilikuwa kama kuramba asali kwenye bakuli la mlenda. Naoko aliona uso wangu akaangalia pembeni kwa adabu. Chai ya Kijapani na asali haziketi meza moja. Nusu kijiko labda inavumilika.

Usiku kabla hajalala Emiliana akaniuliza, "Baba, mguu unaendeleaje?" Nikasema unaendelea vizuri. Akatazama bandeji, akaniambia kanisa lina njia ndefu. Nikamwambia nalijua kanisa, mimi ndiye niliyekubeba humo kwenda kubatizwa.

2 Januari

Nimepata wazo. Nitafanya kama tulivyokuwa tunafanya breki za behewa zikileta mashaka: unabadilisha kitu kimoja, unaangalia. Mpaka kliniki ijayo ni chai ya Shen peke yake. Halafu wiki mbili ni ya Naoko peke yake. Namba zitasema.

9 Januari

Kliniki, mwisho wa zamu ya Shen. Kumi na sita nukta nane. Imepanda. Nesi Witness ananitazama kama mimi ni mwizi wa kuku. Kidole kimevimba.

10 hadi 22 Januari

Chai ya Naoko, kila siku, vikombe vitatu. Najifunza kusubiri maji. Sipendi. Nikisubiri naliona kanisa na hatua zake, na moyo unaniambia nyanyuka, fanya kitu, na hakuna kitu cha kufanya. Asali nusu kijiko asubuhi tu, maana zaidi ya hapo inachukiza.

23 Januari

Kumi na mbili nukta moja! Nesi akacheka, mimi nikacheka, karibu nimkumbatie. Nimejua mchawi wangu. Ni chai ya Kichina.

24 Januari

Nimefanya jambo ambalo nitaliandika lote.

Nilikwenda kambini na pakiti ya Shen iliyobaki. Nikamkuta mbele ya wenzake. Nikamwambia chai yako ina sukari, mmetia kiwandani, ushahidi ninao kwenye daftari. Nikamsomea tarehe na namba kwa sauti ya kutangaza treni. Shen hakukasirika. Akatoa jani moja, akalitafuna, akanipa na mimi moja.

"Tafuna, mzee. Tamu iko wapi?"

Nikatafuna. Palikuwa na uchungu, na karanga kwa mbali. Tamu haikuwapo. Nikamwambia imejificha.

"Baba yangu ana miaka themanini," akasema. "Anakunywa hii kila siku." Akapokea pakiti kwa mikono miwili, akaingia ndani.

Nimerudi nyumbani nikijiona mshindi. Luciana ananuna.

27 Januari

Shen hajaja kuchukua mayai.

30 Januari

Chai ya Naoko imekwisha. Emiliana anasema pakiti nyingine inatoka Japani kwa posta. Ya Shen sinywi. Nakunywa maji ya moto na asali, vijiko vinne, kutwa mara nne, ili kidonda kipate nguvu. Mvua hainyamazi. Nasikia treni ikipita na siwezi kwenda kuitazama.

3 Februari

Kidole kina rangi ya zambarau iliyoiva. Nimeongeza asali.

6 Februari

Kumi na tisa kamili. Nikamwambia nesi, unaona, chai ya Kijapani ilipokatika sukari imepanda. Akamwita daktari, na daktari akakinusa kidole changu kama anayenusa nyama buchani.

18 Februari

Wamekikata leo.

Sikusikia maumivu, nilisikia sauti tu, na ile sauti sitaiandika. Daktari alinionyesha kabla hajafunga bandeji, akasema pembeni yake nyama ni nzima, namshukuru Mungu. Kisha akasema maneno aliyokuwa ameyaacha Nesi Witness mwezi wa kumi na moja. Sukari ikibaki hapo ilipo, hatutazungumza tena habari ya kidole, tutazungumza habari ya mguu, chini ya goti.

Luciana alikaa pembeni ya kitanda kutwa nzima. Jioni akaniambia, "Baba Emi, niambie ukweli. Unakula sukari kwa siri?"

Nikaapa kwa jina la mwanangu kwamba sili.

"Basi Mungu ana neno na sisi," akasema, akalia. Tangu tuoane nimemwona akilia mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa msiba. Mimi nililala nikitazama ukuta. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na Shen na majani yake, na Naoko aliyeniletea pakiti moja badala ya mbili, na nesi na mashine yake. Nilikuwa na woga pia. Naliandika hilo kwa sababu daftari ni daftari. Niliogopa kwamba mwanangu ataingia kanisani na mjomba wake Philipo, na mimi nitakuwa kwenye kiti mbele, nimefunikwa blanketi, watu wakinisikitikia na kula pilau.

25 Februari

Nyumbani. Pakiti ya Naoko imefika. Nakunywa na asali kidogo. Nasubiri maji yapoe, siku hizi sina pa kukimbilia.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre alikuja kunipaka majivu nyumbani. Luciana akaniuliza Kwaresima hii nitajinyima nini, nami sina kilichobaki: sukari nimenyimwa, pombe sinywi, matembezi yamekwisha. Nikatazama mezani, nikaona dumu la Philipo. Ndiyo raha yangu moja iliyobaki duniani. Nikasema nitafunga asali, mpaka Pasaka. Niliitoa kwa ajili ya ndoa ya Emiliana.

Luciana akasema, "Hiyo ni sadaka nzito." Kweli ni nzito.

6 Machi

Chai ya Naoko tupu. Mungu ananiona.

11 Machi

Bado tupu. Cha ajabu ni kwamba tamu ndogo imo humohumo, inakuja nyuma, ukishameza. Siku zote ilikuwapo?

20 Machi

Kliniki. Nesi Witness alipima, akatazama mashine, akaipangusa, akapima kidole kingine. Nane nukta tatu.

Nane nukta tatu! Akaita na mwenzake aje aone. Jeraha lilipokatwa kidole limeanza kuziba, jekundu, safi. "Mzee, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu," nikasema. "Chai ya Kijapani, kama kawaida. Nimefunga asali tu, kwa ajili ya Kwaresima."

Akaweka kalamu chini.

"Asali gani, mzee?"

Nikamweleza. Vijiko vitatu kwenye ya Shen. Nusu kwenye ya Naoko kwa sababu haziketi pamoja. Vinne kwenye maji ya moto ule mwezi wa pili. Nilikuwa naeleza kwa fahari, kama mtu anayetoa dawa yake ya siri, na nilipofika katikati nikaona uso wake, na kabla hajafungua mdomo nikazisikia namba zikijipanga zenyewe kichwani mwangu. Kumi na sita nukta nane, vijiko vitatu. Kumi na mbili nukta moja, nusu kijiko. Kumi na tisa, vijiko vinne. Miaka ishirini na sita nimesoma madaftari, na hili langu mwenyewe nilishindwa kulisoma.

"Asali ni sukari, mzee," akasema polepole. "Kwa mwili wako ni sukari."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia. Mimi ni mtu wa Mbulu, sikufikiri kwamba hapa mnaihesabu dawa. Nilikuuliza unaweka nini ukasema majani na maji."

Nilidhani atanifokea. Akanishika bega na kusema pole, na nikaona macho yake yana maji. Kibinti hicho nilikuwa nimekihesabu adui tangu Novemba.

Nyani haoni kundule. Nilikwenda kumtukana mtu mbele ya wenzake, na kidole changu kilikwenda kwa kijiko changu mwenyewe.

21 Machi

Nilimweleza Luciana asubuhi. Akaenda kabatini akaleta kopo la sukari, akalifungua mbele yangu. Lilikuwa tupu na chini yake buibui amejenga.

"Tangu Novemba," akasema. "Ulipokatazwa nilisema sitakunywa tamu mbele yako. Nikawa nakunywa hivihivi. Hukuona?"

Sikuona. Miezi minne nimeketi na mwanamke huyu meza moja, mimi na asali yangu, yeye na chai yake chungu, na niliandika kila kitu kwenye daftari hili isipokuwa kikombe chake. Niliona haya kiasi kwamba sikuweza kumtazama. Nilimshika mkono tu. Akaniacha niushike, kisha akasema Philipo asiambiwe, atajiua kwa uchungu. Nikasema ataambiwa, ila kwa upole, maana anao wateja wengine wenye ugonjwa kama wangu.

23 Machi

Nimekwenda kambini kwa bodaboda, tre nzima ya mayai mapajani. Shen alikuwa anapima kwenye jua. Nikamwambia mbele ya wenzake walewale, kwa sauti ileile: "Bwana Shen, chai yako haina kosa. Kosa lilikuwa asali yangu. Nisamehe."

Akatazama mguu wangu, akatazama mayai. Akaingia kwenye hema, akatoka na glasi ya pili.

30 Machi

Shen amenirudishia pakiti, na leo nimezipanga chai zote mbili mezani kwa haki, bila kitu ndani, mimi na Luciana tukiwa mahakimu. Ya Shen inakuja mbele mara moja, na karanga zake, na inavumilia maji ya moto na mtu mwenye haraka. Ya Naoko ukiiharakisha inakupiga kofi la uchungu; ukiingoja inafunguka, na ile tamu ya nyuma inakaa kooni mpaka umalize kuongea. Luciana anachagua ya Shen, anasema ya Naoko ni mboga. Mimi jana nilikuwa upande wa Shen na leo niko upande wa Naoko, na kesho sijui. Tulibishana mpaka mchana. Ni muda mrefu hatujabishana juu ya kitu kisichouma.

6 Aprili

Mazoezi na fimbo. Kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mpapai na kurudi. Bila kidole kidogo mwili unavutwa upande wa kulia, lazima niuamuru.

13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Alhamisi kliniki nilisoma saba nukta sita. Mvua zinapungua, mtama wa majirani umefunga masuke. Silali vizuri. Kidonda kimebaki na mdomo mdogo kama punje ya mtama, na kiatu hakiingii.

20 Aprili

Pasaka. Mfungo umekwisha na dumu lipo palepale. Philipo alikuja, nikamweleza kwa upole, akainama muda mrefu. Kisha akanyanyua dumu akalirudisha kwenye baiskeli yake mwenyewe.

25 Aprili

Luciana amechukua kisu akakata ubavu wa kiatu changu cheusi cha stesheni ili bandeji ipate nafasi. Ameupaka rangi pale alipokata. Ukisimama mbali huoni.

Jumamosi, 26 Aprili

Saa nne na dakika kumi. Tumesimama mlangoni mwa kanisa. Hakuna mvua. Bwana harusi, Hezekia, yuko mbele tayari. Emiliana amenishika mkono wa kushoto, fimbo iko kulia. Kinanda kimeanza na miguu yangu ikataka kukimbia, nimalize kabla haijanisaliti. Emiliana akaninong'oneza, "Baba, polepole. Hawaanzi bila sisi."

Tumekwenda polepole. Kwenye benchi la saba nilimwona Nesi Witness, amevaa kitenge, anazitazama hatua zangu tu. Shen alikuwa nyuma na chupa yake. Naoko alikuwa analia wazi wazi.

Saa nne na dakika kumi na tano. Tumefika altareni. Hatua hamsini na nne. Hakuna kilichoanguka njiani.

Baadaye ukumbini ikafika zamu ya keki. Kwa desturi bibi harusi anawalisha wazazi wake kwa mkono wake, watu wote wakipiga vigelegele. Emiliana akaja na sahani, akapiga goti, akanyanyua kipande, halafu mkono ukasimama hewani. Aliniangalia. Luciana aliniangalia. Nesi Witness, meza ya tatu, aliniangalia.

Nikafungua mdomo.

Sasa nimerudi nyumbani, mguu uko juu ya kigoda, na chai ya Naoko inapoa mbele yangu. Nimeligeuza daftari, nimerudi mbele, kwenye safu alizochora nesi kwa rula. Nimeandika kwa herufi kubwa, asome bila miwani: KEKI, KIPANDE KIMOJA, UKUBWA WA KIBERITI. NIMEKILA CHOTE. MKONO WA MWANANGU.